Landrova Niliyoiagiza kwa Hasira

Watu wa Micheweni wanasema nilinunua landrova kwa ajili ya mwani. Waache waseme. Mwani ndio ulionipa uwezo, hilo kweli, na mwani lazima utolewe pwani upelekwe ghalani, lakini kwa kazi hiyo pikapu yoyote ya Kijapani ingenitosha. Mimi nilinunua landrova ili nimpandishe mtu mmoja, halafu nimshushe. Jambo hilo nilikaa nalo moyoni tangu nina mimba ya kwanza mpaka nikawa mama wa bi harusi, na kama yuko aliyedhani nimesahau, basi huyo hanijui.

Mtu mwenyewe alikuwa mume wangu. Sikuolewa tena baada yake, kwa hivyo sina haja ya kusema mume yupi. Alikuwa dereva wa serikali katika miaka ile ya baada ya Mapinduzi, wakati upande wetu wa kaskazini ukisikia mlio wa gari unaweza kumtaja dereva kabla hujaliona. Mabwana wakubwa walikuwa na vyeo, yeye alikuwa na ufunguo. Landrova yake ilikuwa ya kijani kilichofifia, tairi la akiba limelazwa juu ya boneti, milango ya bati inayofungwa kwa kishindo. Aliiosha kila asubuhi kabla hajanywa chai. Waliotaka kubebwa kwenda Wete walimletea kuku na mikungu ya ndizi, na wazee wenye heshima zao wakamwita "bwana dereva" na kumsalimia wao kwanza. Kichwa kikamvimba. Mimi nami nilikaa mbele, pembeni yake, na buibui langu, na nisiseme uongo, nilijiona.

Mimba ilipokuwa kubwa ukafika wakati wa kurudi Micheweni kwa mama, maana kwetu mtoto wa kwanza mwanamke humzalia kwao. Mume wangu akasema ana safari ya kikazi huko huko, atanipeleka. Tukatoka Wete asubuhi. Tulipopita Konde, pale ardhi nyekundu inapokwisha na maweni yanapoanza, tukamkuta mwanamke mtu mzima na binti yake wamesimama kando ya njia, wamejipamba. Akasimamisha gari. Hakuwauliza wendako. Nikajua mara moja kwamba hawakusimama pale kwa bahati.

"Nenda nyuma," akaniambia. "Hawa watakaa mbele."

Nyuma palikuwa na magunia na pipa la mafuta. "Siendi," nikamwambia. "Kiti changu hiki."

"Nenda nyuma, mwenzio akae."

"Mwenzangu nani?"

Akazunguka, akafungua mlango wangu, akachukua kikapu changu chenye nguo za mtoto akakiweka juu ya mawe. "Basi shuka," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama dereva anavyomwambia abiria kwamba amefika. Nikashuka, nikidhani ananitisha tu. Yule binti akapanda bila ya kunitazama. Mama yake, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akaniambia, "Hujambo mwanangu?" nami nikaitikia, "Sijambo." Hilo ndilo lililonikera miaka yote, zaidi hata ya kushushwa: kwamba niliitikia.

Nilikwenda kwa miguu mpaka Micheweni. Anayeyajua mawe ya kwetu anajua kwamba hayamhurumii mtu. Kamba ya lapa moja ikakatika, nikalivua, nikaenda na mguu mmoja mtupu, kikapu kichwani na tumbo mbele. Wanawake waliokuwa wakipalilia mtama baina ya mawe wakainua vichwa. Nikamsikia mmoja akiuliza, "Si mke wa dereva yule?" Mwenzake akasema, "Hata, mke wa dereva hendi kwa miguu." Pale pale nikaapa. Sikumwomba Mungu anilipizie, nilitaka kulipiza mwenyewe. Niliapa kwamba atapanda gari kama lile, atakaa kiti kama kile, na pahala pale pale nitamwambia neno lile lile.

Mtoto, wa kike, hajatimiza arubaini, talaka yangu ikaletwa na ami wa mume wangu, aliyekaa barazani akanywa chai yetu mpaka akaimaliza ndipo akaitoa mfukoni. Yule binti akaolewa, akakaa kiti changu. Miaka michache baadaye naye akadai talaka yake akenda kuolewa Mtambwe, na siku niliyosikia habari hiyo nilipika chapati.

Mwani ulipokuja, wanawake wa Micheweni tukaingia baharini na vijiti na kamba. Nilianza kwa kufunga wangu mwenyewe, maji ya kiuno, chumvi mpaka machoni, kisha nikawa nanunua wa wenzangu na kuupeleka mjini. Nikajenga nyumba ya matofali. Nikamsomesha mwanangu mpaka akawa mwalimu. Watu wakaniambia, haya, sasa umepumzika. Mimi nilikuwa hata sijaanza.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa baharia, akashukia Uingereza akakaa huko huko. Kila akipiga simu huuliza aniletee nini, nami humwambia sina shida. Siku moja nikamwambia.

"Niletee landrova."

"Landrova ipi, dada? Mpya?"

"Ile ya zamani. Yenye tairi juu ya boneti."

Akacheka sana. "Dada, hizo huku wanazo wakulima, na wazee wenye wazimu wa vitu vya kale. Nikutafutie gari la maana, lina kiyoyozi, unakaa unatulia."

"Sitaki kutulia. Nataka ile. Na rangi iwe ile ile."

"Ile ile ipi?" akauliza, kisha akakumbuka mwenyewe. Alikuwa mdogo siku niliyofika nyumbani kwa miguu, na yeye ndiye aliyeninawisha ule mguu uliochanika. Hakucheka tena. "Nitaitafuta," akasema.

Ilichukua muda. Akanitumia picha ya kwanza, gari la buluu, nikalikataa. La pili lilikuwa la turubai, nikalikataa. La tatu lilikuwa limepakwa rangi mpya linang'aa, na viti vya ngozi, la kwenda nalo kwenye maonyesho. Nikamwambia hilo ampelekee mkewe. Akaanza kuchoka na mimi. "Dada, unanunua gari au unachagua mchumba?" Mwishowe akaikuta shambani kwa mzee mmoja aliyekuwa akipakilia kondoo. Nilipoiona picha nikakaa chini. Mlango ule ule, bawaba zile zile za nje, kijani kile kile kilichochoka. Mzee alimwuliza ndugu yangu inakwenda wapi, akaambiwa kisiwani, mbali, kwenye njia za mawe. Akasema huko itafurahi. Nilipoambiwa hivyo nikajisemea, ifurahi isifurahi, zamu ya kufurahi ni yangu.

Ilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo ikavushwa kwa meli ndogo ya mizigo mpaka Mkoani. Ilipokuwa njiani mimi nilikuwa Chake Chake najifunza udereva. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa bara, mpole, ananiita mama, na wanafunzi wenzangu wote vijana wa kiume. Siku ya kwanza walinicheka. Nilipopata leseni na baadhi yao wakaambiwa warudi tena, wakaacha.

Siku ya kuitoa bandarini, karani akaitazama landrova, akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu kutafuta mwanamume.

"Bi mkubwa, mwenye gari yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Hili?" Akaligonga kwa kalamu. "Hili chuma chakavu, bi mkubwa. Utalipishwa ushuru wa uchakavu, mwisho utaona bora ungeliacha huko huko. Wamekudanganya."

"Hawakunidanganya. Niandikie nilipe."

"Kwani lina nini gari hili?"

"Lina kiti cha mbele," nikamwambia.

Alinitazama kama anayetaka kuniuliza kama nina watu wa kunichukua, halafu akaandika. Ndani ilinuka kondoo, na manyoya yao yalikuwa yamenasa kwenye mbao za nyuma. Nilipoifikisha nyumbani nikaisugua kwa sabuni, nikaifukiza udi mpaka majirani wakauliza kama nina mwari ndani.

Mara ya kwanza kupita Konde nilipunguza mwendo makusudi. Yeye, baba wa mwanangu, sasa alikuwa mzee mstaafu, anakaa Konde, mchana kutwa barazani penye duka pamoja na madereva wenzake wa zamani, wote hawana magari. Aliposikia mlio akasimama kabla gari halijatokea. Nilipofika akainua mkono, na uso wake ukakunjuka namna ambayo sikuiona hata siku ya harusi yetu. Hakuniinulia mimi mkono ule. Aliiinulia landrova. Nikampita. Tangu hapo akawa anatuma salamu: nasikia umeleta landrova ya kweli, siku moja nipitie nikamwone mwanangu. Sikumjibu. Ningeweza kumpandisha siku yoyote ile, lakini siku yoyote ile haikunitosha. Mimi nilishushwa nikienda kuzaa, safari ambayo mwanamke hupelekwa kwa heshima. Yeye nilitaka ashuke siku yake ya heshima, amevaa kanzu.

Siku hiyo ikaja yenyewe. Mwanangu akaposwa na kijana wa Tumbe, mwalimu mwenzake, mtu wa watu wazuri, na mwanangu akampenda. Huyu mtoto ni mpole, hasemi sana, na akisema hapandishi sauti. Yeye baba yake alimjua vizuri. Kila Sikukuu alikwenda kumwona Konde, akarudi na kitambaa cha gauni na karanga za kukaanga. Sikumzuia, maana baba ni baba yake. Sikumwuliza pia walikuwa wakizungumza nini, na hapo ndipo nilipojidanganya kwamba hakuna kikubwa.

Sasa sikilizeni ugumu wangu. Binti haozeshwi bila ya walii, na walii ni baba. Uwe umelea peke yako, umesomesha peke yako, hata mchele wa pilau umenunua mwenyewe, siku ya ndoa anaulizwa baba. Nikimshusha njiani, nani ataozesha? Watu wa Tumbe wangerudi kwao, na mwanangu angebaki ndani na hina mikononi, anachekwa na kisiwa kizima. Nilimpenda mwanangu kuliko nilivyomchukia baba yake, lakini nasema kweli, si kwa mbali sana. Nilitaka vyote viwili, ndoa ya mwanangu na kiapo changu, na nikakaa nikafikiri mpaka nikaviona vyote viwili vinakaa pamoja.

Baba halazimiki kuozesha kwa ulimi wake. Wengi hawayawezi maneno yale, kwa hivyo humpa shehe uwakala mbele ya mashahidi, shehe akasoma. Kwa kawaida hufanywa pale pale, dakika ile ile ya ndoa. Mimi nikamwambia shehe tukauchukue jana yake.

"Bi, mbona haraka?" shehe akauliza. "Kesho si atakuwepo?"

"Watu wazima hawa, shehe. Kesho anaijua Mungu."

"Hilo kweli," akasema. Nikampakia yeye na majirani wawili, tukaenda Konde. Mzee akatoa uwakala wake vizuri, mbele ya mashahidi, huku jicho liko nje kwenye landrova. Tulipoondoka nikamwambia kesho baada ya adhuhuri nitamfuata mwenyewe. Akaniambia ahsante. Katika ndoa yetu yote sikumbuki kulisikia neno hilo.

Nyumbani nikamkuta mwanangu amekaa juu ya mkeka, amenyoosha mikono, hina inakauka.

"Mama, kesho baba atachukuliwa na nani?"

"Mie."

"Utamfikisha?"

"Nitamchukua, nimeshasema."

"Nakuuliza utamfikisha."

Nikamwambia asitikise mikono, hina itaharibika.

Siku ya pili alikuwa tayari mlangoni. Kanzu nyeupe mpya, kofia ya kushona kwa mkono, viatu vimepakwa rangi, udi unamtangulia. Aliizunguka landrova yote kwanza, akapapasa boneti, kisha akafungua mlango bila ya kuhangaika na kitasa, maana kitasa cha landrova kina ujanja wake na yeye anaujua. Akakaa kiti cha mbele. Njia nzima akawa anazungumza habari za injini, za madaraja ya zamani, za mabwana aliowaendesha. Mimi kimya. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza tangu siku ile ya mtama, nikiyasema peke yangu nikiwa ndani ya maji nafunga mwani, nikiyapunguza na kuyaongeza mpaka yakawa hayana kasoro. Ardhi nyekundu ikaisha. Siku hizi lami imefika, lakini maweni yako pale pale. Nikasimamisha gari.

"Shuka," nikamwambia.

Akashuka mara moja, mpaka wepesi wake ukanishtua. Akaenda mbele, akainamisha kichwa kutazama chini ya injini, akaweka mkono juu ya boneti. "Fungua nitazame," akasema. "Maji?"

Alidhani gari limeharibika.

"Gari zima," nikamwambia. "Hupajui hapa?"

Akatazama mawe upande huu, akatazama upande wa pili, akanitazama mimi. "Hapa pana nini?"

Maneno yangu yote yakanikauka mdomoni. Nilijitayarisha atukane, alie, aniombe radhi nimnyime. Kwamba atakuwa hakumbuki, sikujitayarisha. Mie nimepabeba pahala pale kila siku ya Mungu, na kwake ni njia tu, anapita. Hasira iliyonishika pale haikuwa ile ya zamani, ilikuwa mpya kabisa na kubwa zaidi. Nikatia gia nikaondoka. Kwenye kioo nikamwona amesimama katikati ya njia na kanzu yake, anaduwaa.

Nilifurahi. Wasiowahi kulipiza husema hakuna raha ndani yake, na mimi nasema iko. Niliimba nyimbo za harusi mpaka Micheweni. Wanawake nyumbani wakaniuliza baba bi harusi yuko wapi, nikawaambia anakuja, yuko njiani. Hapo sikusema uongo.

Kabla ya alasiri shehe akaja na mashahidi kumwuliza bi harusi idhini yake, wakasimama nje ya pazia la chumba. Ni jambo la dakika moja. Binti huulizwa kama anakubali kuozwa, naye huona haya akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Kungwi hupiga kigelegele, shehe akaenda zake msikitini. Nimehudhuria harusi nyingi mno na sijapata kusikia bi harusi akijibu kitu. Ndiyo maana katika mipango yangu yote hilo sikulitia.

"Mwanangu," shehe akasema, "baba yako amenipa uwakala nikuozeshe. Umeniruhusu?"

Kimya. Nikamsikia kungwi anavuta pumzi.

"Bado," mwanangu akasema.

Kigelegele kikamwishia kungwi kooni. Shehe akakohoa. "Bado nini, mwanangu?"

"Baba yuko wapi, shehe?"

Shehe akanigeukia. "Bi, si ulikwenda kumfuata?"

"Uwakala upo, shehe," nikasema. "Umeupokea mwenyewe na mashahidi hawa hapa."

"Uwakala upo," akasema. "Idhini haipo. Mwenyewe amesema bado, na mimi siwezi kujitia uziwi."

Nikaingia nyuma ya pazia. Mwanangu alikuwa amekaa kitandani amefunikwa leso, nami nikamwinamia ili wa nje wasisikie.

"Unanifanyia nini weye? Watu wamejaa."

"Umemshusha," akasema. Hakuuliza.

"Alinishusha nikiwa na weye tumboni."

"Najua, mama. Nami nilishushwa siku ile." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. "Basi na mimi nina haki ya kusema, na nasema apandishwe."

Nilimtazama kwa hasira, na yeye akanitazama kwa utulivu, na nikajua hatabadilika, maana ukaidi ule aliupata kwangu. Nje nilisikia wanaume wa Tumbe wakiulizana kuna nini. Nikachukua ufunguo.

Nilimkuta mbele kidogo ya pale nilipomwacha, amekaa juu ya jiwe, amevua viatu, kisigino kimoja kinatoka damu. Baadaye nilisikia kwamba pikapu ya samaki ilisimama kumchukua akakataa, akasema hawezi kufika kwenye ndoa ya mwanawe kanzu inanuka samaki. Nikasimama mbele yake. Hakuinuka.

"Ulikuwa na viatu siku ile?" akaniuliza.

"Malapa. Moja likakatika."

Akatikisa kichwa, akatazama mawe kwa muda. Nilingoja aniombe radhi, nilikuwa bado nina hamu ya kumnyima. Hakuniomba. Alivaa viatu vyake, taratibu, akakung'uta kanzu.

"Panda," nikamwambia. "Mwanao anakungoja." Neno hilo la kwanza lilinitoka kwa taabu kuliko mtoto mwenyewe alivyotoka.

Alipofika alinawa, akaenda penye pazia yeye mwenyewe, shehe na mashahidi nyuma yake, akamwuliza mwanawe kama anaruhusu. Mwanangu hakunyamaza kama mabikira wengine. "Nimekuruhusu, baba," akasema, nyumba nzima ikasikia, na vigelegele vikapigwa mpaka masikio yakaniuma. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Ndoa ikafungwa msikitini, ikabaki kumpeleka bi harusi Tumbe kwa mumewe. Kwetu mama mzazi hamsindikizi mwanawe, huenda mashangazi na kungwi, naye hubaki nyumbani na vyombo. Wiki nzima nilikuwa nimewaambia mashangazi kwamba desturi hiyo iliwekwa na watu wasio na leseni. Gari langu, na dereva ni mimi. Walinuna lakini walinyamaza. Sasa bi harusi akatolewa, amefunikwa, anashikwa mkono huku na huku, akafika penye landrova akasimama.

"Mama, baki," akasema. "Baba atanipeleka."

"Hana leseni siku hizi," nikasema.

Mashangazi walitazama chini, na niliwaona walivyokuwa wakifurahi. Yule mzee alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, hathubutu kusogea wala kuomba. Ningekataa, naapa ningekataa, lakini mwanangu alikuwa ameshika mlango wa gari na haufungui. Nikampa baba yake ufunguo.

"Gia ya pili hukataa," nikamwambia. "Lazima ukanyage klachi mara mbili."

"Naijua," akasema.

Akapanda, akakisogeza kiti mpaka kikamkaa. Mwanangu akapanda mbele, kungwi pembeni yake, mashangazi wakajazana nyuma na vigelegele vyao. Mimi nikabaki mlangoni na masufuria na wanawake wa kuosha. Gari likaondoka kwa gia ya kwanza, likateremka kuelekea njia kuu, nami nikatega sikio, nikiomba kwa moyo wangu wote ya pili ikwaruze mbele ya watu wote wale. Ikaingia kimya kabisa, na wakaenda zao.